Umetolewa nyumbani, Unguja au Pemba? Anzia kwa sheha

Mdogo wangu, kama mzee kakwambia usilale hapa leo, au mama kaolewa na huyo mume hakutaki pale, usikimbilie kulala Darajani wala Forodhani. Jua likiwa bado juu nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji chako, huko tunakoita shehia. Najua vijana wengi sheha hawamtaki, mara wa siasa mara rafiki wa baba, lakini huku kwetu ukitaka kitambulisho sheha, ukienda ustawi wa jamii utaulizwa sheha, hata mwenye chumba atataka kujua unatoka shehia gani. Na mzee akiitwa mbele ya watu wazima wenzake mara nyingi hupoa.

Ila kama unapigwa au kuna mtu anakuingilia usiku, hapo hakuna cha kusuluhishwa, na usikubali yale mambo yetu ya muhali ya kuambiwa yamalize tu ndani ya familia. Nenda kituo cha Mkono kwa Mkono, kipo hospitali ya Mnazi Mmoja na Pemba kipo Chake Chake, pale daktari, polisi na mshauri unawapata pamoja, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Chini ya miaka 18 wewe ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011, ustawi wa jamii wana wajibu na wewe, piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure. Ukishapita 18 usitegemee sana kupewa kitanda na serikali, ile nyumba ya Mazizini ni ya watoto, kwa hiyo yanayofuata yanakuhusu zaidi wewe.

Ukitoka toka na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na vyeti vya skuli, nguo zitapatikana. Umeviacha? Rudi na mtu mzima mchana, usiende peke yako.

Siku za mwanzo kwa bibi, khaloo, mjomba, popote penye damu, lakini usiingie kimya kimya ukakaa tu, sema nakaa mpaka lini na asubuhi shika fagio au ndoo kabla hujaambiwa. Na mtu anaekupa chumba bure wala hakujui, mwanamke au mwanamme usiende.

Chumba cha kukodi tafuteni wawili watatu mchangie, Fuoni, Kwarara na Tomondo huko kuna nafuu kuliko mjini. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa mbele, mwombe alipwe kwa mwezi, wapo wanaokubali hasa vyumba vya uani. Dalali usimpe hata shilingi kabla hujamuona mwenye nyumba mwenyewe, af muandikiane, shahidi awepo.

Sasa kuna hili ambalo vijana wengi hawalifuatilii. Baba kafariki, ma-ami wanakuja wanasema nyumba ya ndugu yetu hii, nyinyi tafuteni pa kwenda. Hebu subiri kwanza! Mtoto wa marehemu ni mrithi, na kwa mirathi ya Kiislamu kama marehemu kaacha mtoto wa kiume basi hao ndugu zake hawarithi kitu kabisa, kama ni watoto wa kike tu ndo ndugu wanaweza kupata kinachobaki. Usitie saini karatasi yoyote, hata ukiambiwa ni ya kuhudhuria kikao tu. Chukua cheti cha kifo na cha kuzaliwa chako uende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wao ndo wanashughulika na mirathi ya Waislamu, ikishindikana Mahkama ya Kadhi. Unaogopa gharama? Wapo wasaidizi wa sheria wilayani, na ZAFELA ambao ni wanasheria wanawake, muulize sheha akuelekeze. Ami atakununia miaka, wallahi, lakini utakuwa na pa kulala.

Na nyinyi wa mahoteli ya Nungwi, Paje, Kiwengwa: chumba cha wafanyakazi si chako, ikifika masika mwezi wa nne hoteli nyingi zinafunga au zinapunguza watu na chumba kinaondoka na kazi. Kabla hujasaini uliza msimu ukiisha nalala wapi, na ile tip ya mwezi wa kwanza na wa pili weka pembeni kwa ajili ya kodi.