Jinsi ya kuchagua eneo la kampuni na kufaidika na majirani, hata washindani

Wengi wakitafuta sehemu ya kuweka kampuni wanauliza kodi kwanza, afu wanauliza washindani wako umbali gani, wakikuta hakuna wanafurahi. Mimi naona hapo ndo wanakosea, maana ukiwa peke yako fundi mzuri akiondoka huna pa kumpata mwingine, na ukikwama hakuna wa kumuuliza.

Kabla hujasaini mkataba kashinde pale siku mbili tatu. Angalia wafanyakazi wa kampuni tofauti kama wanakula pamoja na wanaongea kazi, halafu uliza mtu, "mashine ikigoma hapa mnampigia nani?" Akikutajia watu watatu papo hapo, chukua hilo eneo. Akisema kila mtu anajijua, basi mtakuwa mmepakana ukuta tu.

Ujuzi unatembea na watu. Mwaka 1957 wataalamu 8 walitoka kwenye kampuni ya William Shockley ya vifaa vya elektroniki wakaanzisha yao, Fairchild, wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakatoka tena 1968 wakaanzisha Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, yote hukohuko Silicon Valley, eneo la kampuni za teknolojia kule California, na sheria ya huko haiutambui mkataba wa kumzuia mtu kwenda kwa mshindani. Kwa hiyo aliyeondoka kwako usimnunie, endelea kumpigia simu.

Sasa chukua karatasi. Upande mmoja andika vinavyomfanya mteja akuchague wewe, fomula na orodha ya wateja, hivyo funga. Bei pia usiijadili na mshindani kabisa, kupanga bei pamoja ni kosa kisheria nchi nyingi. Upande wa pili weka matunzo ya mashine, mafunzo ya wapya, sapulaya anayechelewesha mzigo. Hivyo gawa, tena anza wewe.

Faida yake inaonekana siku ya shida. Februari 1997 kiwanda cha Aisin, sapulaya wa Toyota, kule Kariya, Japani, kiliungua, na ndicho kilichokuwa kinatengeneza karibu vali zote za breki za Toyota, ambayo akiba yake ilikuwa ya masaa tu, magari yakasimama. Aisin wakatoa michoro kwa wenzao, mpaka kampuni ya cherehani ikatengeneza vali, na baada ya siku chache kazi ikarudi. Hawakujuana siku ya moto wale, Toyota ilikuwa inapeleka mainjinia wake kwa masapulaya miaka na miaka.

Wewe anza na saa moja kwa mwezi, mafundi wa kampuni mbili tatu wakae na tatizo moja la kweli mezani. Na mtu akikuelekeza kitu, mrudie umwambie kama kimefanya kazi au kimegoma, usipomrudia mara ya pili hatakujibu.