Namna ya Kutengeneza Chembe za Nano kwa Polima Zinazojikusanya Zenyewe Majini

Aliyekulia Tanga anajua kwamba tui la nazi, hata likiwa kasimile, likiachwa bakulini kwa saa kadhaa hujitenga, sehemu yenye mafuta ikapanda juu na maji yakabaki chini. Mchanganyiko ninaoueleza hapa hauna tabia hiyo. Chembe zake za nano, yaani ndogo kiasi cha kupimwa kwa sehemu za bilioni ya mita, hujiunda zenyewe na huelea majini bila kupanda wala kuzama, na chanzo chake ni polima, yaani molekuli moja ndefu, yenye vipande viwili vilivyounganishwa kikemia: polietilini glikoli, ambayo hupenda maji, na polilaktidi, ambayo huyakwepa.

Vipande vyote viwili huyeyuka katika asetoni. Asetoni hiyo inapoingia katika maji mengi, molekuli za maji zinazokizunguka kipande cha polilaktidi hulazimika kujipanga kwa namna inayozinyima uhuru; vipande vya aina hiyo vikisogeleana na kujificha pamoja, maji hayo huachiliwa, na huko ndiko inakotoka nguvu kuu ya kujikusanya. Polilaktidi huwa kiini, na polietilini glikoli husimama nje kama nywele, ikizuia chembe moja isigandamane na nyingine. Umbo hufuata uwiano wa vipande. Kinachopenda maji kikiwa kirefu vya kutosha hupatikana tufe. Kikipunguzwa hupatikana fito, na kikipunguzwa zaidi, vifuko vyenye maji ndani.

Kwa anayeanza napendekeza molekuli yenye polietilini glikoli ya daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 5,000 na polilaktidi ya daltoni 10,000, ambayo kwa kawaida hutoa tufe. Hakikisha kwamba polilaktidi hiyo ni ile yenye mchanganyiko wa pande mbili za asidi ya laktiki (umbo la kulia na la kushoto, kama viganja vya mikono), kwa kuwa ile ya upande mmoja hujipanga kama fuwele na huyeyuka kwa shida katika asetoni. Unyevu wa pwani yetu huivunjavunja polima hii taratibu, kwa hiyo ihifadhi ndani ya friza katika chupa iliyofungwa vizuri, na uiache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo mvuke wa hewani utageuka matone juu yake.

Pima miligramu 20 za polima, uziyeyushe katika mililita 2 za asetoni hadi kimiminika kiwe angavu kabisa. Weka mililita 10 za maji yaliyokenekwa juu ya kichanganyio cha sumaku. Maji ya bomba yasitumike, kwa sababu chumvi na vumbi lake huharibu vipimo. Kisha mimina asetoni ndani ya maji, tone kwa tone, huku maji yakizunguka kwa kasi. Hatua hii ndiyo ninayoihimiza kuliko zote: maji yakichanganyika upesi, chembe huzaliwa nyingi na ndogo, lakini yakizunguka polepole, molekuli hupata muda wa kurundikana na chembe huwa kubwa tena zisizolingana.

Acha chombo wazi kwa saa kadhaa, mahali penye hewa ya kutosha na mbali kabisa na moto, ili asetoni ivukize. Kwa kuwa joto la Tanga hupunguza pia maji, pima uzito wa chombo chenye maji kabla ya kumimina asetoni na tena mwishoni, uongeze maji yaliyopungua.

Penye mashine ya kupima ukubwa kwa mtawanyiko wa mwanga, itumie. Pasipo na mashine, pitisha mwali wa kalamu ya leza ndani ya chupa. Mwali ukionekana kama mstari, na kimiminika kikawa angavu chenye ubuluu hafifu, chembe ni ndogo. Kikiwa cheupe kama tui, zimekuwa kubwa, na ni bora kurudia kwa polima iliyozimuliwa zaidi. Mabonge yakionekana, chuja kwa kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45.

Hifadhi chupa kwenye jokofu, nyuzi 4 za Selsiasi, wala usiigandishe bila kuongeza sukari, kwa maana barafu husukuma chembe pamoja na kuzigandamanisha. Ipime tena kwa leza kila mara kabla ya kuitumia, kwani hata kwenye baridi maji huendelea kuikata polilaktidi kidogo kidogo.