Unataka kuchimba kisima Dar? Soma hii kabla hujamlipa fundi

Dar sa hivi ina watu zaidi ya milioni 5, na huku pembeni, Chanika, Goba, Kigamboni, nyumba zinatangulia bomba linafuata miaka kibao baadaye, so watu wanachimba. Ukame wa 1997 ndo uliwafanya wengi wakimbilie visima, na 2022 mto Ruvu ulipopungua mgao wa maji ukarudi hadi visima vya Kigamboni vikaunganishwa kwenye mtandao wa DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Kisima ni cha kwako ila maji ya chini ni ya mtaa mzima, na huku juu tunamwaga zege na peving kila mahali, mvua inaishia mtaroni badala ya kuingia ardhini.

Anza kwa majirani. Waulize maji yao yanakuwaje kiangazi, sio masika, masika hata kisima kibovu kinaweza kukudanganya. Kama mtu anakwambia zamani tulikuwa tunakunywa sa hivi tunafulia tu, hapo ushapata jibu la bure.

Ukiwa karibu na bahari, Msasani, Kunduchi, Mjimwema, jihadhari sana na fundi wa "tuongeze mita". Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi, yanaelea juu ya maji chumvi, na hesabu ya wataalamu inasema kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake. Yaani mkivuta mtaa mzima mkashusha mita 1 tu, baada ya muda chumvi inaweza kupanda hadi mita 40, na ikishaingia kutoka ni miaka. Kwa hiyo weka pampu ndogo inayovuta taratibu, ukipumzishe kisima, tanki lijae usiku kucha hamna shida. Nunua na kile kipimo cha chumvi cha mkononi, kila mwezi andika namba ukutani pale kwenye pampu, namba inaanza kupanda kabla ulimi haujajua.

Kibali kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, na hakikisha mchimbaji ana leseni.

Sasa choo. Wanashauri mita 30 kutoka kwenye shimo, ila kiwanja cha 20 kwa 20 utazitoa wapi, karo la jirani liko nyuma ya ukuta wako! Ndo maana kesingi, lile bomba linaloshikilia kuta za kisima, sehemu ya juu isiwe na matundu, na ile nafasi kati ya kesingi na udongo, mita kadhaa za juu, ijazwe simenti. Simama hapohapo mpaka simenti iingie, usiondoke hata kwenda kula, maana kuna mafundi wanarudishia udongo uleule halafu wanapiga slebu juu na wewe huoni kitu.

Maji yakitoka peleka maabara, pima bakteria na naitreti pia, ile kemikali inayotoka kwenye maji ya vyoo. Bakteria utawaua kwa kuchemsha au klorini, naitreti haitoki kwa kuchemsha, inazidi kukolea, na kikomo cha WHO ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi hapo usimkorogee mtoto mchanga maziwa kwa maji hayo, tafadhali sana.

Halafu funga gata. Maji ya paa yaingie kwenye tanki, yanayozidi yapeleke kwenye shimo la kokoto mbali na karo yazame ardhini, na uwanjani acha sehemu ya udongo wazi, usipige peving mpaka getini.