Kulisoma gofu la Gede: anza kisimani

"Kwa nini watu waliuhama mji wa Gede, ule wa kale wa pwani ya Kenya?" Swali hili limeulizwa mno hata limechujuka, na ukiingia getini nalo utaona majini na laana kila kona. Gofu hujibu maswali madogo. Beba kompasi, tochi kali, futi ya mita 5, daftari na penseli. Fika asubuhi jua likiwa bado chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni huonyesha mikwaruzo na mishono ya ukuta ambayo saa sita huioni kabisa.

Kwanza nenda kwenye kisima kilicho kando ya Msikiti Mkuu. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyechimba hapa kati ya 1948 na 1958, alikuta kwamba kisima hicho kiliongezwa kina. Mtu hachimbi zaidi kama maji yapo, kwa hiyo hapa pana ushahidi wa maji kushuka, tena ushahidi wa kushikika kuliko mengi yanayosimuliwa kuhusu Wazimba, wavamizi waliopita pwani mwaka 1589. Hata hivyo kisima kimoja hakitoshi kuuhamisha mji. Kila kisima unachokiona, mulika kutoka mdomoni hadi chini, uandike pale uashi unapobadilika.

Kisha kuta. Pale kuta mbili zinapokutana, tazama kama mawe yamefumana. Yakifumana, zilijengwa pamoja. Ukiona mshono ulionyooka kutoka juu hadi chini, ukuta mmoja umeegemezwa baadaye. Mlango uliozibwa kwa mawe hujulikana hivyo hivyo: fremu ni ya matumbawe laini yaliyochongwa, ndani yake mmejaa mawe magumu na chokaa. Kwa njia hii utajua kipi kilitangulia hata bila tarehe.

Pima upana wa vyumba. Vingi ni vyembamba, na wageni huvidhania jela. Sababu ni boriti za mikoko: dari nzito ya mawe na chokaa haivumilii boriti ndefu, basi chumba hukaa kwenye mita 2 na nusu hivi, urefu ukienda watakavyo. Inua macho utafute safu ya matundu boriti zilipokalia.

Kompasi ni ya misikiti na makaburi. Kutoka pwani yetu kibla ni karibu kaskazini, kwa hiyo mihrabu, kile kishubaka cha imamu, itakuwa upande huo, na kaburi litalala mashariki na magharibi. Gofu lisilo na mihrabu usiliite msikiti kwa sababu tu lina nguzo.

Tarehe ndizo zinazowaangusha wengi. Kaburi moja hapa limeandikwa mwaka 802 wa Hijria. Ukijumlisha 622, mwaka wa Miladi ambao kalenda hiyo inaanzia, peke yake utapata 1424, na umekosea karibu robo karne, maana mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi. Zidisha 802 kwa 0.97, upate 777.94, ndipo ujumlishe 622: mwisho wa 1399 hivi. Hiyo ni tarehe ya kaburi lile tu. Msikiti ulio jirani una umri wake.

Vigae vya kaure vya China navyo vina mtego. Sahani nzuri hurithiwa vizazi na vizazi, kwa hiyo kipande cha karne ya 14 chaweza kuzikwa katika karne ya 16. Tabaka la udongo hupewa umri na kitu kipya kuliko vyote kilichomo, cha kale kisikudanganye. Na majina kama Nyumba ya Mkasi yalitokana na vitu vilivyochimbuliwa humo. Usimtafute fundi cherehani.

Wareno walikaa Malindi, mwendo mfupi tu kutoka hapa, karibu karne nzima, na jina Gede halimo katika maandishi yao. Kabla ya kuliita hilo fumbo, kumbuka kwamba huenda wenyeji waliuita mji kwa jina jingine.

Daftarini chora safu mbili: ulichokiona, na unachokidhani. Kigae ukikikuta chini, weka penseli pembeni kuonyesha ukubwa, piga picha, kiache palepale kilivyolala. Kukiokota ni kosa chini ya sheria ya turathi ya Kenya ya 2006.