Ukiulizwa "Yule ni msichana kweli?": kwa makocha wenzangu wa riadha

Kocha mwenzangu, swali hili litakufikia tu. Mimi limenifika kwenye feri ya Likoni, limenifika kwa muuza kahawa wa Mama Ngina nikiwa na kashata mdomoni, na siku moja likanifika vibaya, nimesimama mlangoni mwa choo cha uwanja.

Nianze na siku hiyo. Msichana wangu wa mita 800, umri wake miaka 15, ana sauti nzito kama muadhini, na kichwa amenyoa kwa ajili ya joto na bei ya kusuka. Alimaliza mita ishirini mbele ya wenzake. Hata hajashika pumzi, mzazi mmoja wa upande wa pili akashuka jukwaani: "Huyo apelekwe chooni akaguliwe!" Akina mama wawili wakaanza kumsogelea. Sikufikiri, nilikimbilia mlango ule nikauziba kwa mwili wangu. Kilichofuata ni kelele za wiki nzima, na humo ndimo nilimojifunza haya ninayokuandikia.

Kabla hujajibu chochote, tenga watu. Mabishano ya baraza huwapakua watu wa aina tatu kwenye sinia moja. Kuna aliyebadili jinsia, yaani alizaliwa mvulana na sasa anaishi kama mwanamke. Mfano ni Laurel Hubbard wa New Zealand, mnyanyua vyuma wa Olimpiki ya Tokyo. Kuna huntha, aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kawaida ya jinsia, hakubadili kitu. Neno hili si geni kwetu, fiqhi ina mlango wake mzima wa huntha, mirathi yake na pa kusimama katika swala. Serikali nayo iliwahesabu katika sensa ya 2019: watu 1,524. Halafu kuna msichana tu mwenye sauti nzito, kama wangu. Asilimia kubwa ya ugomvi niliousikia Mombasa ulikuwa juu ya huyu wa tatu, ukitetewa kwa habari za yule wa kwanza.

Chunga maneno pia. Hapa mwanamke humwita rafikiye "shoga" asubuhi, na jioni neno lilo hilo likawa jiwe mdomoni mwa mwanamume. Mkatize anayelirusha. Asiyeweza kubisha bila tusi aende akanywe kahawa yake kando.

Ukishatenga, toa saa yako. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Waweke watoto wa miaka tisa, wavulana na wasichana, wakimbie mita 200: watamaliza wakisukumana. Kisha waweke wa miaka kumi na saba. Pengo utaliona bila saa. Katikati hapo kuna balehe ya kiume, inayoleta mapafu makubwa, mifupa mirefu, damu inayobeba hewa zaidi. Kwa walio juu kabisa, piga hesabu mbele yao: David Rudisha alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012. Jarmila Kratochvílová wa Chekoslovakia, mwenye rekodi ya wanawake ya mbio hizo, alikimbia 1:53.28 mwaka 1983. Rudisha anapovuka mstari, mama yule bado ana mita 87 za kwenda. Ndiyo maana mbio za wanawake zikatengwa toka mwanzo.

Hapo atasimama mtu aulize: na aliyebadili jinsia akitumia dawa za kupunguza testosteroni, homoni ya kiume? Mjibu kwa utaratibu. Damu hubadilika ndani ya miezi michache. Misuli hupungua polepole, na si yote. Urefu haupungui. Shirikisho la Riadha la Dunia lilikata shauri Machi 2023 kwamba aliyepitia balehe ya kiume hashindani na wanawake katika mashindano yake ya kimataifa, na tangu Septemba 2025 anayetaka kukimbia na wanawake huko hupimwa jeni la SRY, lile linaloanzisha maumbile ya kiume, mara moja maishani, kwa ute wa shavuni au damu.

Kila mbishi huja na nusu ya mfano. Kazi yako ni kumpa nusu iliyobaki. Akikutajia Lia Thomas, muogeleaji aliyebadili jinsia, kushinda yadi 500 katika mashindano ya vyuo vya Marekani 2022, mwambie katika yadi 100 alikuwa wa nane. Akikuambia Hubbard alishindwa kunyanyua mara zote tatu, basi hakuna faida, mkumbushe kwamba alifika Olimpiki akiwa na miaka 43. Akidai waliobadili jinsia wamejaa kila mahali, mkuu wa michezo hiyo ya vyuo alisema Desemba 2024 kwamba anawajua wasiofika 10 kati ya wanamichezo 510,000.

Watakuuliza nawe umesimama wapi. Sema. Mimi husema kwamba kwenye medali ya dunia, mita 87 ni nyingi mno, na naona kanuni ya balehe ni ya haki. Kwenye mbio za mtaa za Jumamosi sioni haja ya kumfukuza mtoto yeyote. Linalonikaa kooni ni la huntha. Olimpiki ya Rio 2016 tulimshangilia Margaret Wambui wetu alipopata shaba ya mita 800, nyuma ya Caster Semenya na Francine Niyonsaba. Kanuni za 2019 zikawafungia wote watatu mbio zile mpaka wameze dawa. Wambui aliwahi kupendekeza kuwe na kundi la tatu. Hakuchagua alivyozaliwa, na hilo sina jibu lake la kukupa.

Sasa siku ikikufika uwanjani. Mtoto mwondoe kwanza, mkabidhi mwalimu wa kike unayemwamini. Mwambie mlalamikaji aandike malalamiko yake, atie sahihi, ampelekee mkuu wa mashindano. Utashangaa wangapi hukosa kalamu ghafla. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mkimbiaji kwenye bahasha kavu. Na usiruhusu mtu amvue mtoto nguo kwa jina la ukaguzi, awe mzazi, awe daktari wa kujitolea. Kwenye mashindano ya Ulaya ya Budapest 1966 wanariadha wanawake walipitishwa uchi mbele ya madaktari, na wenye riadha wenyewe wakaja kuliacha jambo hilo.

Lingine dogo: zima saa yako kabla hujakimbilia mlango. Kelele zilipotulia, yule msichana alinijia na maji mkononi, akauliza, "Kocha, nimekimbia ngapi?" Nikaitazama saa. Ilikuwa bado inahesabu, dakika ya kumi na moja.