Kufua panga kutoka springi ya gari bila kupoteza chuma

Springi bapa ya pikapu ikichoka huuzwa kwa kilo, ikaishia kwenye tanuri la kuyeyushia lenye zaidi ya nyuzi joto 1,500. Wakati chuma chake bado ni kizuri: kina kaboni ya takriban asilimia 0.6, na kikichovywa kikiwa moto kinakuwa kigumu na kushika makali. Kukifua hakuhitaji zaidi ya nyuzi 1,100 hivi, joto ambalo jiko la makaa lenye mvukuto au feni hulifikia.

Hasara ya pili hutokea karakanani. Mafundi wengi hukata kipande chenye urefu wa panga zima, sentimita 52, halafu hukila kwa grenda hadi kiwe chembamba. Kwa springi ya upana wa milimita 60 na unene wa 7, kipande hicho kina kilo 1.7. Panga lenyewe, bapa la sentimita 40 kwa 5 lenye unene wa milimita 3, pamoja na mkia wa kuingia kwenye mpini wa sentimita 12, halifiki gramu 600. Zaidi ya kilo moja imegeuka vumbi, na umeme na diski zimeondoka nayo. Ukifua, kipande cha sentimita 21, karibu gramu 700, kinatosha, hata ukihesabu magamba ya chuma kilichoungua yatakayodondoka na kitakachoondolewa na tupa.

Kwanza kagua nyufa. Springi hufa kwa kuchoka, na ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Sugua kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi, futa pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatachora mstari kwenye chaki. Angalia hasa kuzunguka tundu la senta bolti (bolti ya katikati ya springi), na usitumie kipande chenye tundu hilo.

Halafu hakikisha ni chuma chenyewe. Kata ukanda mwembamba, upashe moto mpaka uwe mwekundu, uchovye kwenye maji, uubane kwenye jiliwa na uugonge. Ukikatika kama kioo, chuma kinafaa. Ukipinda tu, hicho ni chuma laini kama nondo nyingi zilivyo, na panga lake halitakaa na makali. Tazama pia pale palipokatika: punje laini za kijivu zinaonyesha kuwa moto ulikuwa sawa, punje kubwa zinazometa kama sukari zinaonyesha kuwa ulizidi. Kipande hiki cha majaribio ni cha kuvunjwa tu, kwa hiyo maji hayana neno. Panga lenyewe usilitie maji kamwe.

Kwenye jiko, weka makaa yenye kina cha sentimita 10 au zaidi kati ya tundu la upepo na chuma. Upepo ukikifikia chuma kabla oksijeni haijaisha kwenye makaa, unakula chuma na kutoa magamba mazito. Makaa ya vifuu vya nazi, kwa walio pwani, huwaka kwa joto kali na hayadai mti ukatwe. Ukuta mnene wa udongo uliochanganywa na majivu hupunguza makaa unayotumia.

Fua chuma kikiwa na rangi ya chungwa iliyoiva, acha kikishuka hadi wekundu uliofifia. Fanyia kazi kivulini, maana juani rangi inadanganya na utazidisha moto. Kikianza kurusha cheche jikoni kimeungua. Sehemu hiyo kata utupe, haiponi. Na ukilazimisha nyundo kikiwa kimepoa, kinapasuka pembeni.

Kurefusha sentimita 21 hadi 52 ni kazi ya watu wawili: mmoja ashike koleo na nyundo ya kilo 1.5, mwingine apige na ya kilo 4. Tumia mdomo mwembamba wa nyundo, ukiulaza kukatisha upana wa kipande. Chuma hukimbia kuelekea pande mbili za mdomo huo, yaani kwenye urefu. Kila baada ya mapigo machache kisimamishe ubavu ukirudishe kwenye upana wake, kisha sawazisha mabonde kwa uso bapa wa nyundo.

Ukianza kupunguza upande wa makali, panga litapinda kuelekea mgongoni, kwa sababu makali yanarefuka na mgongo haurefuki. Lipinde kidogo upande wa makali kabla hujaanza, nalo litajinyoosha lenyewe. Acha makali yakiwa na unene wa milimita 1.5. Yakiwa membamba zaidi yatajikunja au kupasuka yakichovywa.

Baada ya kufua, pasha panga lote hadi sumaku isilishike (karibu nyuzi 770), ongeza joto kidogo, kisha liache lipoe hewani pasipo upepo. Rudia mara tatu. Punje zilizokuzwa na moto wa kufulia husagika hapa, na mikazo iliyoachwa na nyundo hulegea. Wanaoruka hatua hii ndio ambao mapanga yao hukatika kwenye shina la mpini.

Kwa kuchovya, tumia mafuta ya kupikia, hata yaliyokwisha kukaangia, lita 10 kwenye chombo kirefu, yakiwa yamepashwa hadi nyuzi 50 au 60. Mafuta baridi ni mazito na hayapoozi haraka. Oili chafu ya injini iache: moshi wake una metali na kemikali za kudhuru mapafu. Weka kifuniko cha bati karibu. Mafuta yakiwaka, funika, usimwage maji. Pasha panga hadi sumaku iachie na rangi ipande kidogo, karibu nyuzi 830, kisha zamisha makali yakitangulia, wima, bila kuyumbisha kushoto na kulia. Maji yangetoa mlio mdogo, “ti!”, na ufa. Panga likitoka limepinda, linyooshe papo hapo likiwa bado moto, kwa glavu na mbao mbili. Likishapoa kabisa, usiliguse kwa nyundo. Jaribu tupa: ikiteleza bila kung’ata, limekolea.

Sasa ni gumu lakini linavunjika kirahisi, hivyo lisilale usiku kabla ya kupunguzwa ugumu. Sugua msasa upande mmoja uonekane mweupe. Pasha pande nene la chuma liwe jekundu, kisha egemeza mgongo wa panga juu yake ukilisogeza mbele na nyuma. Rangi zitatambaa kutoka mgongoni: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Makali yakifika kahawia, karibu nyuzi 250, na mgongo ukiwa umepita buluu, litoe na ulizamishe majini. Kwa joto hili maji hayadhuru. Sugua tena na urudie mara moja.

Noa kwa jiwe lenye maji, kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 25 kila upande, bila grenda: joto lake huweza kulainisha makali kabla hujaona rangi ikibadilika.