Riwaya ya mapenzi ya likizo ughaibuni: anza na tiketi ya kurudi

Siku hizi nimekuwa nikikaa na binti mmoja wa Makorora anayeandika simulizi ya mapenzi. Mhusika wake ni karani wa hapa Tanga anayekwenda Istanbul likizo, peke yake, na huko anapenda. Mji mzuri, msichana mzuri, kijana mzuri, na kurasa zinakwenda bila mtu yeyote kuogopa chochote. Tulipoipanga upya ikasimama imara. Naweka hapa tulivyofanya, kwa yeyote mwenye hadithi ya aina hiyo. Habari za kugawa aya na kuweka nukta sitazigusa. Kama wewe ni wa kusubiri "sehemu ya 41" ya simulizi za WhatsApp usiku kucha, hayo unayajua.

Hatua ya 1: Tarehe ya kurudi kabla ya jina la mwanaume

Mapenzi ya nyumbani yana maadui tele: wazazi, mahari, mke mkubwa, jirani mwenye mdomo. Mapenzi ya likizo adui yake ni tarehe ya kwenye tiketi. Iandike juu ya ukurasa wa kwanza kabla hujaandika kitu kingine.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, lakini karani hana fedha za kukaa Istanbul siku 28, na wewe huna matukio ya kuzijaza. Mpe siku kumi. Toa siku ya basi la Tanga hadi Dar, toa ya ndege, ambayo ni takriban saa saba angani, toa mbili kama hizo za kurudi, toa moja ya kulala na kupotea mitaani. Zinabaki tano. Ndani ya hizo amjue mtu, amkasirikie, amsamehe na amuage.

Msomaji mjanja atauliza kwa nini asisogeze tarehe. Jibu liwe tayari mapema. Binti wangu alimpa mhusika fedha za upatu: zamu yake ilifika, akapokea, akakata tiketi. Nikamwambia hapo umeokota dhahabu. Aliyepokea mwanzo bado anadaiwa michango ya wenzake mwezi hadi mwezi, na asiporudi kazini kuna kina mama wa Ngamiani watakaokuja kukaa kibarazani kwa mama yake. Kikwazo cha namna hiyo kila msomaji wetu anakielewa bila kuelezwa.

Hatua ya 2: "Unakwenda na nani?"

Kwetu msichana hafiki hata Pangani bila kuulizwa swali hili, sembuse Uturuki. Ataulizwa na mama, kisha shangazi, kisha mwenye nyumba, na muuza vitumbua naye atataka kujua. Usiliruke kwa "akaaga, akaondoka". Wala usitumie ile ya rafiki aliyeahirisha dakika ya mwisho, imechoka. Acha aseme "na nafsi yangu", halafu uonyeshe nyumba inavyonyamaza.

Rasimu ya kwanza mama alilia na kumwombea dua ukurasa mzima. Tukaufuta. Sasa mama anafungua begi bila kusema neno, anatoa suruali mbili, anatia doti mbili za kanga mahali pake, anafunga zipu. Usiku msichana anazirudisha suruali, na kanga haziondoi. Mistari michache, na msomaji ameshawajua wote wawili.

Hatua ya 3: Mji

Chagua mmoja. Mtaa mmoja, chombo kimoja cha usafiri, chakula kimoja. Basi. Bei usiandike, lira inashuka thamani kila mara na kitabu chako kitazeeka kabla ya kutoka.

Hatua ya 4: Kalenda, saa na jua

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanaharibu.

Binti alikuwa na tukio zuri kweli: wawili wamesimama kwenye kivuko cha Eminönü kwenda Üsküdar, mwezi wa sita, saa kumi na mbili na nusu, jua linazama, adhana ya magharibi inasikika pande zote mbili za maji. Ukilisoma ukiwa Raskazone huoni tatizo, maana kwetu jua mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Tumelizoea hivyo hadi tunadhani ndivyo dunia ilivyo. Istanbul iko mbali kaskazini. Mwishoni mwa Juni jua lake linazama saa mbili na nusu imeshapita, na isha inaingia karibu saa nne na nusu. Katikati ya Desemba linazama saa kumi na moja na dakika thelathini na kitu, watu wakitoka maofisini. Hilo tukio lake lingefanyika kwenye jua kali, na hiyo adhana isingekuwepo.

Fanya hivi. Chukua kaunta buku. Mimi sitaki kusikia habari ya kupangia kwenye simu: utasogeza tarehe moja na zingine hazitasogea, wala hutaona. Kila siku ya safari ipe ukurasa wake. Juu andika siku ya wiki na tarehe, kisha alfajiri, machweo na isha za huko. Diyanet, idara ya dini ya Uturuki, inatoa ratiba ya swala kwa kila mji kwenye tovuti yake, na ratiba ya swala ni kalenda ya jua iliyo tayari, hata kama wahusika wako hawaswali. Ukingoni andika wakati huohuo Tanga kunafanyika nini.

Tahadhari sasa, na ni nyingi. Uturuki na Tanzania ziko kwenye saa ileile mwaka mzima tangu 2016, Uturuki ilipoacha kurudisha saa nyuma majira ya baridi. Ukiweka hadithi yako kwenye baridi ya 2014, Istanbul iko nyuma yetu kwa saa moja. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo ukisema "mwaka fulani" bila kuutaja, bado wewe mwenyewe uujue. Idi ya kuchinja huko ni sikukuu ya siku nne. Mwaka 2025 ilianza tarehe 6 Juni. Msichana akitua siku hizo atakuta maduka mengi yamefungwa na wenyeji wengi wamekwenda kwao. Hilo laweza kukuvurugia hadithi, au likakupa kijana aliyebaki mjini kwa sababu zamu ya kazi imemwangukia. Tena angalia maneno "jioni" na "usiku". Ukiandika "saa mbili usiku" msomaji wa Tanga anazima taa kichwani. Andika "saa mbili, na jua bado liko juu ya maji", kisha uende zako.

Faida ya taabu yote hii iko kwenye tukio moja, na ndilo ninalolipenda kuliko yote kwenye simulizi yake. Msichana amemwambia mama kwamba usiku hatoki chumbani. Mama, baada ya isha, umeme umekatika, anampigia kwa video. Kwenye kioo cha mama ni giza na mwanga wa taa ya kuchaji upande mmoja wa uso. Kwenye kioo cha binti ni kweupe pe, shakwe wanapita nyuma yake, na pembeni unaonekana mkono wa mtu umeshika gilasi ndogo ya chai iliyobanwa kiuno. Mama anauliza, "Mbona kwenu kweupe?" Anajibiwa kuwa huku jua huchelewa. Ni kweli tupu, na mama haamini. Halafu anauliza tena, taratibu, "Na hiyo chai, wainywa kwa mkono wa nani?"

Bila kalenda tukio hilo hulioni.

Hatua ya 5: Mwanaume

Awe na kazi yenye zamu. Matajiri wenye hoteli tumewachoka. Kijana wa kuuza chai kwenye kivuko ana dakika ishirini hivi kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, kisha abiria wanashuka. Hiyo pekee inatosha kumfanya msichana apande tena bila safari. Atakilinganisha na kivuko cha Pangani, ambako hujamaliza salamu umefika Bweni. Mwache alinganishe.

Hatua ya 6: Mazungumzo

Wawili hawa wanaongea Kiingereza cha kubahatisha. Usiandike Kiswahili kilichovunjika kuonyesha hivyo. Kijana ataonekana mjinga. Mpe Kiswahili safi, sentensi fupi, bila methali wala mafumbo. Mafumbo yote yabaki kwa msichana na mama yake kwenye simu. Msomaji atahisi tofauti ya lugha mwenyewe. Programu ya kutafsiri itokee mara moja tu, itafsiri vibaya, na simu iishiwe chaji.

Hatua ya 7: Kumaliza na kutoa

Kijana asishuke stendi ya Kange na maua. Nakusihi. Kama lazima wakutane tena, kwanza msichana amalize upatu, mwezi mmoja mmoja, na tuone simu zinavyopungua au zinavyoongezeka.

Ukitoa kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, andika hadithi yote kwanza. Watu wakishalipa kwa M-Pesa hawataki kusikia una malaria. Kila sehemu ikatie pale siku inapobadilika kwenye kaunta buku. Kabla ya sehemu ya kwanza kwenda hewani peleka kazi nzima COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uisajili, kwa sababu itanakiliwa na kuzungushwa kwa jina la mtu mwingine. Ukija kuichapa kitabu, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Nakala za mwanzo zichapishe chache, na moja mpe mtu aliyewahi kufika huo mji, asome sura za vivuko na saa tu. Mapenzi mwachie mwenyewe ayasome kwa wakati wake.